Sura ya Sita: Nimeikuta Inawaka

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, katikati ya Dar es Salaam, na baridi yake ilikuwa ya kuvaa sweta. Seva tano zilisimama kwenye fremu ya chuma. Nne zilikuwa na vibandiko vya majina. Ya tano haikuwa na kitu. Nikamuuliza kijana wa IT aliyenipokea, hii ya tano inafanya kazi gani?

"Hiyo hata mimi sijui, mzee. Nimeikuta."

"Mbona hamuizimi?"

Akacheka kidogo. "Nani aizime? Uizime leo, mwisho wa mwezi mishahara isitoke, utamwambia nini bosi?"

Jina la ofisi ile halina umuhimu. Nimeingia kwenye vyumba vya aina hiyo mara kadhaa, na kila mara nimemkuta mgeni yuleyule: seva ambayo kila mtu ameikuta na hakuna anayekumbuka nani aliileta. Wala si ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2015 Jonathan Koomey wa Chuo Kikuu cha Stanford na mwenzake Jon Taylor walichunguza takribani seva 4,000 za makampuni, wakakuta kama asilimia 30 hazijatoa huduma yoyote kwa miezi sita au zaidi. Walizifananisha na wagonjwa mahututi: zinapumua, zinakula, hazizungumzi.

Tuipigie mashine hiyo hesabu ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Chukua HP ProLiant ML110 G4, seva ndogo ya ofisi ya kizazi cha miaka ya 2000, ambayo watafiti waliitumia sana kwenye majaribio kwa sababu matumizi yake ya umeme yalipimwa hatua kwa hatua na kuchapishwa. Ikibebeshwa kazi mpaka prosesa ifike mwisho wa nguvu zake, inakula wati 117. Ikiwa imewashwa tu, haina kazi hata moja, inakula wati 86. Wati 86 usiku na mchana ni kama uniti 62 kwa mwezi. Nchini Tanzania, mteja wa daraja la D1, yule anayeuziwa umeme kwa bei nafuu kwa kuwa matumizi yake ni madogo, kikomo chake ni uniti 75. Yaani seva isiyofanya lolote inakaribia kumaliza mgawo wa nyumba nzima yenye taa, televisheni na chaja za simu. Na hapo sijakihesabu kiyoyozi kinachoipoza.

Itazame tena ile tofauti ya namba mbili. Kati ya kukaa bure na kufanya kazi kwa nguvu zote kuna wati 31 tu. Karibu robo tatu ya umeme wote wa mashine huenda kwenye kule kuwaka tu. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, imejifunza kupunguza mwendo na volti isipokuwa na kazi. Wenzake hawajajifunza sana. Kumbukumbu lazima ichajiwe upya mara nyingi kila sekunde, la sivyo inasahau kila kitu. Diski inaendelea kuzunguka, feni zinavuma, na kifaa kinachobadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme wa ndani kinapoteza sehemu yake kama joto. Ni jiko la mkaa linalowaka bila sufuria.

Mama ntilie hawezi kulivumilia jambo hilo hata kwa nusu saa. Wateja wa mchana wakipungua, jiko la pili linanyimwa mkaa na sufuria zote zinazungushwa kwenye jiko moja. Kwa miaka mingi vituo vikubwa vya data duniani vilifanya kinyume chake. Mwaka 2007 Mbrazili Luiz André Barroso na Mswisi Urs Hölzle, wahandisi wa Google, walichapisha makala fupi iliyowatikisa wenye fani. Walikuwa wamefuatilia seva zaidi ya 5,000 kwa miezi sita. Ni nadra walikuta seva imekaa bure kabisa, na ni nadra walikuta imefika kikomo. Muda mwingi zilikuwa zinafanya kazi kwa kiwango cha kati ya asilimia 10 na 50, na hapo ndipo mashine inapokula vingi na kutoa vichache. Ombi lao kwa watengenezaji lilieleweka hata kwa asiye mhandisi: tengenezeni seva ambayo umeme wake unafuata kazi yake. Isipofanya kitu, isile kitu.

Wakati watengenezaji wanajikuna kichwa, watafiti wa upande wa programu walikuwa na jibu jingine. Mashine haiwezi kulala ikiwa na kazi kidogo? Basi ipokonye hiyo kazi kidogo, umpe jirani yake, kisha uizime. Hesabu yake inaingia kwenye kiganja. Seva mbili za ile G4, kila moja ikiwa na kazi ya asilimia 20, zinakula jumla ya wati 185. Ukiihamishia kazi yote kwenye moja, itafika asilimia 40 na kula wati 99.5. Nyingine unaizima. Karibu nusu ya umeme imebaki mfukoni, na kazi ni ileile. Jeffrey Chase na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilionyesha wazo hili mwaka 2001, kabla neno "wingu" halijazoeleka kwa kompyuta za kukodi.

Kilichokuwa kikisumbua ni namna ya kuihamisha kazi bila mteja kujua. Hapa ndipo mashine pepe zilipoingia. Fikiria nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi: kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake na anaishi kana kwamba nyumba ni yake, kumbe paa ni moja na mwenye nyumba ni mmoja. Seva moja ya chuma inaweza kubeba mashine pepe kumi, kila moja ikiamini ni kompyuta kamili. Amazon ilipoanza kukodisha vyumba hivi kwa saa mwaka 2006, kwa huduma iliyoundwa kwa sehemu kubwa na timu ya Chris Pinkham mjini Cape Town, biashara ya wingu kama tunavyoijua ilikuwa imezaliwa. Na ilizaliwa Afrika, jambo ambalo huwa nalisikia likitajwa kwa nadra mno.

Mpangaji wa pepe ana sifa moja ambayo mpangaji wa Manzese hana: unaweza kumhamisha akiwa katikati ya shughuli zake, na asijue. Mwaka 2005 kundi la watafiti, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Cambridge, lilieleza jinsi ya kufanya hivyo. Mashine pepe inaendelea na kazi huku kumbukumbu yake ikinakiliwa kwenda seva nyingine. Sehemu zilizobadilika wakati wa kunakili zinanakiliwa tena, na zilizobadilika mara ya pili zinarudiwa, mpaka kinabaki kipande kidogo sana. Hapo mashine inasimamishwa, kipande cha mwisho kinavushwa, na maisha yanaendelea upande wa pili. Kwa majaribio walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 huku watu wanaucheza. Ilisimama kwa milisekunde 60 hivi. Jicho ukilipepesa, unatumia muda mrefu zaidi ya huo.

Sasa swali likabaki moja: nani aende wapi?

Ukipita Kariakoo alfajiri, watazame wapakiaji wa maroli. Hawaanzi na vifurushi. Wanaanza na magunia makubwa, wakija kwenye madogo wanajazia mianya. Hakuna aliyewafundisha, ila wangefurahi kujua kwamba mwaka 1973 David Johnson aliandika tasnifu nzima huko MIT akithibitisha ubora wa mbinu yao. Kupata mpangilio bora kabisa wa mizigo mingi ni kazi inayoweza kuishinda kompyuta yoyote, maana njia za kupanga huongezeka kuliko unavyoweza kuzihesabu. Lakini ukipanga vikubwa kwanza na kuweka kila kimoja panapoenea, Johnson alionyesha, na maroli yakiwa mengi, idadi yake haitazidi ile iliyo bora kwa zaidi ya asilimia 22 hivi, hata bahati ikiwa mbaya namna gani. Kwa mbinu inayofundishika kwa dakika mbili, hiyo ni zawadi.

Anton Beloglazov na Rajkumar Buyya, wa Melbourne, Australia, pamoja na Jemal Abawajy, waliichukua mbinu hii ya wapakiaji wakaigeuza kidogo. Kwenye makala yao ya mwaka 2012, ambayo imekuwa msingi wa tafiti nyingi tangu hapo, mashine pepe zinapangwa kuanzia ile yenye njaa kubwa ya prosesa, kisha kila moja inapelekwa kwenye seva ambayo ikiipokea, umeme utaongezeka kidogo kuliko kwingine kote. Nafasi peke yake haitoshi. Wanauliza pia nafasi hiyo inagharimu wati ngapi. Kisha kuna vizingiti viwili. Seva ikishuka chini ya kizingiti cha chini, wapangaji wake wote wanahamishwa na yenyewe inalazwa. Ikipanda juu ya kizingiti cha juu, wanaondolewa wachache iwezekanavyo mpaka ipumue.

Matokeo yao, yaliyopatikana kwa kuigiza kituo cha data ndani ya programu waliyoiita CloudSim, yanafaa kusomwa polepole. Bila kuokoa umeme kwa namna yoyote, mzigo wao wa majaribio ulikula uniti 9.15. Kwa kupunguza mwendo wa prosesa tu, uniti 4.40. Kwa kuhamisha na kulaza, vizingiti vikiwa asilimia 30 na 70, uniti 1.48. Ahadi kwa wateja ilivunjwa kwa asilimia 1.11, maana yake mara chache mashine pepe iliomba nguvu za prosesa ikazikosa. Wakabana zaidi, vizingiti vikafika 50 na 90. Umeme ukashuka hadi uniti 1.14, lakini ahadi zilizovunjwa zikaruka hadi asilimia 6.69. Umeokoa theluthi moja ya uniti, na umewaudhi wateja mara sita zaidi.

Namba hizo mbili za mwisho ndizo kiini cha sura hii. Umeme una bei inayojulikana. Hasira za mteja hazina mita.

Chukulia mfano wa siku ya matokeo ya kidato cha nne. Mwaka mzima tovuti ya matokeo inatembelewa na watu wachache. Mpakiaji mwenye akili ya Melbourne angeikunja, akaiweka kwenye kona ya seva pamoja na wapangaji wengine tisa. Siku matokeo yakitangazwa, wazazi, wanafunzi, wajomba na walimu wanabonyeza ndani ya dakika moja. Seva zilizolazwa zinaweza kuamshwa, ndiyo, lakini kuamka kwake ni kwa dakika, na subira ya mzazi ni ya sekunde. Daladala inayokaa kituoni mpaka ijae inaokoa mafuta kwa kweli. Muulize abiria aliyekaa siti ya nyuma tangu saa kumi na mbili kama naye anaona imeokolewa kitu.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini mbinu za kuzima mashine zimejaa kwenye majarida ya kitaaluma kuliko kwenye vituo vya data, jibu langu ni lile la kijana wa ghorofa ya tatu. Anayezima seva na mambo yakaenda sawa, hapongezwi. Akizima na mambo yakaharibika, anaitwa ofisini.

Makampuni makubwa yalikuwa na sababu nyingine pia. Seva ni ghali. Kwa maisha yake yote, bei ya kuinunua pamoja na jengo lake mara nyingi inauzidi umeme itakaoula. Kuizima ni kama kununua basi na kuliegesha. Google ikachagua njia ya pili: usizime, jaza. Programu yao iitwayo Borg, iliyoelezwa hadharani mwaka 2015, inachanganya kwenye mashine moja kazi za aina mbili. Kuna zile zisizovumilia kusubiri, kama kutafuta na barua pepe, na kuna zile zisizo na haraka, kama kuchambua mafaili ya jana. Kazi za haraka zikitulia, zisizo na haraka zinajaza mwanya. Za haraka zikirudi, wageni wa mwanya wanafukuzwa bila kuombwa radhi na kwenda kuanza tena mahali pengine. Kwa hesabu yao, kama wangezitenga kazi hizo kwenye mashine tofauti, kituo cha kawaida kingehitaji mashine zaidi kwa asilimia 20 hadi 30. Nakiri kwamba kati ya njia mbili, naiheshimu hii zaidi. Inakubali kwamba mwenye basi hatalizima, inamtafutia abiria.

Na ilizaa matunda, ikichangiwa na seva mpya ambazo hatimaye zilianza kulisikiliza ombi la Barroso na Hölzle. Mwaka 2020 Eric Masanet na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science kwamba kati ya 2010 na 2018 kazi zilizofanywa na vituo vya data duniani ziliongezeka kwa asilimia 550, huku umeme ukiongezeka kwa asilimia 6 tu. Kazi nyingi zilitoka kwenye vyumba vidogo vya ofisini, vya "nimeikuta", zikahamia kwenye majengo makubwa yenye wapakiaji stadi. Majengo hayo yana ubahili hata kwenye kupoza: kwa kila uniti inayoingia kwenye kompyuta, Google inatumia takribani moja ya kumi ya uniti kwa mambo mengine yote, ilhali wastani wa vituo vinavyojibu utafiti wa Uptime Institute unazidi nusu uniti.

Miaka ya karibuni swali la "nani aende wapi" limepata ndugu yake, "aende lini". Tangu 2020 Google husogeza baadhi ya kazi zisizo na haraka kwenda saa ambazo jua na upepo vinatoa umeme mwingi. Kwetu Afrika Mashariki hili lina maana yake. Baadhi ya kazi za makampuni yetu ziko kwenye seva za kukodi za Cape Town na Johannesburg, na umeme wa Afrika Kusini, zaidi ya robo tatu yake, unatokana na makaa ya mawe. Wakati huohuo Kenya inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwenye jotoardhi, na huko Olkaria, Naivasha, usiku mahitaji yakishuka, mvuke mwingine huachiwa ukaenda zake hewani. Mwezi Mei 2024 Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data hapo Olkaria, kwa uwekezaji wa kuanzia wa dola bilioni 1. Tangazo si jengo, na mimi huanza kuhesabu pale nguzo zinaposimama. Lakini hoja yenyewe ni sahihi. Kusafirisha umeme mpaka Ulaya ni kazi nzito. Kusafirisha kazi ya kompyuta mpaka Naivasha, saa nane za usiku, ni suala la nyaya za mtandao tu.

Akili mnemba imeibadilisha hesabu, na sitaimaliza hapa kwa kuwa ina sura yake. Niseme tu kwamba chipu zinazoifundisha hazikai na kazi ya asilimia 20. Zinasukumwa karibu na kikomo kwa wiki nzima, hivyo mpakiaji hana mwanya wa kujaza. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilikula terawati-saa 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba vitafika takribani 945 mwaka 2030. Ile miaka ya kuongeza kazi bila kuongeza umeme imekwisha.

Bado kuna upotevu ambao hauhitaji chipu mpya wala mvuke wa Naivasha. Programu inayotumika zaidi leo kupanga kazi kwenye wingu inaitwa Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Nahodha huyu, usipompa agizo jingine, huipeleka kila kazi mpya kwenye mashine yenye nafasi kubwa zaidi. Hatawanyi kwa ujinga. Anatawanya kwa hofu, kama kijana wa ghorofa ya tatu. Ukitaka ajaze mashine moja kabla ya kufungua nyingine, lazima umwambie, na mpangilio wenyewe ni wa mistari michache. Halafu kuna sisi wateja, tunaoagiza prosesa nne pale ambapo moja ingetosha, kwa kuwa "huwezi jua". Mpakiaji hawezi kumpa mwingine nafasi ambayo wewe umeilipia na kuifungia.

Kama kuna mashine pepe unayoilipia kwa kadi kila mwezi, fungua grafu ya prosesa yake ya wiki nne zilizopita. Ukikuta mstari umelala chini ya asilimia 5, na hakuna mtu ofisini anayejua inafanya nini, usiifute. Nakili data yake, halafu izime mwezi mzima, mpaka mishahara ipite. Simu ikiita, iwashe. Isipoita, ifute.